Nusu Saa Nyingine

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Haya, msomaji mwenzangu, deni la muda hulipwaje?

Tulikuwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, tukienda Dar es Salaam. Safari yenyewe fupi: haifiki kilomita 700, saa moja na dakika kidogo angani. Tiketi ilisema saa mbili asubuhi. Saa mbili ikapita. Dada wa kaunta akasema, "Nusu saa tu, jamani." Saa tatu, hivyohivyo. Saa tano, hivyohivyo.

Jirani yangu alikuwa bwana mmoja mwenye kanzu. Mama yake alifariki usiku, na maziko yalipangwa baada ya swala ya alasiri. Kila "nusu saa" ilipotangazwa alipiga simu nyumbani: "Msibadili kitu, nawahi." Saa nne ndege ya kampuni nyingine iliruka kwenda hukohuko. Tukaitazama tu dirishani. Saa nane alipoomba maziko yasogezwe hadi magharibi, akajibiwa kuwa watu wameshakusanyika na jeneza liko njiani. Tukaruka saa tisa. Tulipokuwa tukisubiri mizigo Dar, simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema neno moja: "Tayari."

Sasa tumlaumu nani? Baadaye tuliambiwa injini ilikuwa na hitilafu. Basi rubani aliyekataa kuruka na ndege mbovu anastahili shukrani. Kawia ufike, si ndivyo tusemavyo? Kwa hiyo kosa si kuchelewa.

Sheria ipo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unasema shirika la ndege litawajibika kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila liwezekanalo kwa busara kuizuia. Abiria ana miaka 2 ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo tunza tiketi, tunza risiti ya chakula na ya hoteli. Ulaya walikwenda mbali zaidi: kwa kanuni yao ya mwaka 2004 na hukumu ya mwaka 2009, aliyecheleweshwa saa 3 au zaidi katika safari isiyozidi kilomita 1,500 anadai euro 250 bila kuonyesha hasara yoyote, ila tu kama chanzo ni jambo la dharura lisiloepukika.

Vizuri. Lakini yule bwana alete risiti gani?

Mimi naona aliibiwa kitu kingine kabisa: uchaguzi wake. Angeambiwa saa mbili, "Ndugu, hatujui tutaondoka lini," angekimbilia kaunta ya pili. Au angewaambia ndugu zake mapema wangoje magharibi. Njia zilikuwepo asubuhi; alasiri zilikuwa zimefungwa. Safari ikiwa fupi, uongo ndio huuma zaidi, kwa sababu njia nyingine huwa karibu. Kila "nusu saa" ilikuwa kamba ya kumfunga kitini.

Utaniambia: wakisema kweli abiria wote watakimbia, na kampuni itakula hasara. Ndiyo, watakimbia! Hapo ndipo lilipo swali lenyewe. Hasara ya injini yako, kwa nini uilipe kwa saa zangu bila kuniuliza?

Hata hivyo dada wa kaunta simhukumu sana. Huenda naye alidanganywa na wakubwa zake. Na mimi je? Mara ngapi nimemwambia rafiki "niko njiani" huku natafuta soksi? Mara ngapi nimemwahidi mhariri makala "kesho asubuhi", wakati sijaandika hata sentensi moja? Nilidhani ni adabu, namtuliza mtu. Kumbe nilikuwa namkalisha mahali, akae hapo kwa faida yangu.

Siku hizi nikichelewa najitahidi kusema, "Sijui nitafika saa ngapi, usinisubiri." Ni maneno magumu kuliko "nusu saa tu", na wengine huyachukia. Lakini mtu akishayasikia, anabaki na miguu yake.