Mwenye Meli na Msimamizi wa Sitaha

Meli ya anasa iitwayo Octopus, iliyoundwa Ujerumani na kukamilika mwaka 2003, ina urefu wa mita 126 na nafasi ya helikopta mbili. Katika meli kama hizo yuko msimamizi wa kutua. Huokota hata kitambaa kilicholegea, kisije kikapeperushwa na kuingia mashineni. Hupima upepo na mrama, na wazima moto huwa tayari na povu.

Sasa tajiri ana haraka, mawimbi yamezidi, naye asema, “Haitui.” Je, amemwasi bwana anayemlisha? Wako wasemao mshahara ni utii. Mimi sikubali: kilichonunuliwa ni jicho lake, na jicho lililofumbwa kwa hofu halina kazi. Lakini watoto wake wala kwa mshahara huo huo, na hapo ndipo swali linapouma.