Ufundi Si Jaa la Walioshindwa

Katika mambo yanayotupasa kuyatafakari wakati huu ni swali hili: je, ni haki kumpeleka kijana kwenye ufundi kwa sababu tu ameshindwa na vitabu? Wengi wetu hatujiulizi, kwani jawabu tumekwisha kulifanya ada. Mtoto mwenye alama nzuri hutabiriwa udaktari au uwakili, aliyerudi na alama haba huambiwa, "Basi, huyu na akajifunze ufundi." Neno hili laonekana dogo, ilhali ndani yake mna dhuluma mbili: twamdhulumu kijana, na twawadhulumu watakaoitegemea kazi yake.

Hebu tutazame hali ya nchi yetu. Kazi ziitwazo leo kazi za kijani, yaani zile za kuchuma riziki bila ya kuharibu ardhi, maji na hewa, si habari za mbali. Mvuke wa Olkaria watoa umeme tangu mwaka 1981. Huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye nguvu ya megawati 310. Hapa pwani, watu wa Gazi huihifadhi mikoko yao, wakalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huizuia, na malipo hayo yakawafaa kwa maji na vitabu vya shule. Yote haya yataka mikono iliyofundishwa: ya kufunga nyaya, ya kuchomelea vyuma, ya kuotesha miche. Mikono hiyo itapatikana tu, ikiwa si ya watoto wetu basi ya wengine.

Wala mtu asidhani kuwa kazi hizi hazina hatari. Fundi akifunga sola kwa waya mwembamba kupita kiasi, waya utashika moto, na nyumba itateketea. Na tuwakumbuke watu wa Owino Uhuru, mjini Mombasa. Jirani yao palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu. Kukitumia tena kilichotupwa ni jambo jema kwa jina. Lakini sumu ya risasi iliingia katika miili ya watu, wakiwamo watoto, hata mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Basi jina la kijani halimtakasi mtu. Kinachoitakasa kazi ni ujuzi na uaminifu wa mwenye kuitenda. Na kijana tuliyemwambia kwamba kazi yake ni ya walioshindwa, tutamdaije aione kuwa ni amana?

Watasema watu: "Mzazi hukimbilia kazi ya kalamu kwa kuogopa umaskini, si kwa kiburi." Ni kweli, na hofu hiyo ina haki yake, kwani mafundi wengi hulipwa kidogo. Lakini nani amlipaye kidogo? Si sisi wenyewe, tunaomtaka fundi wa bei rahisi, kisha tukalalamika kazi inapoharibika?

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1940 iliasisiwa Mombasa MIOME, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 nao ulikuja na masomo ya mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, na masomo hayo yakapunguzwa. Sasa mtaala mpya umefika sekondari ya juu, na kijana achagua njia angali mbichi. Kumwambia achague ufundi pasipo kumpa nyundo, waya na mwalimu ajuaye, ni kumhadaa.

Basi enyi wazazi na walimu, mpelekeni kwenye ufundi mtoto mwenye akili na hamu, msingoje mpaka aanguke. Ulizeni shuleni ilipo karakana, na mumlipe fundi haki yake. Tusipofanya hivyo, jua litawaka juu ya mapaa yetu na upepo utavuma nchini mwetu, na watoto wetu watakuwa watazamaji.