Mtoto Akiuliza: Aliiba au Hakuiba?

Ustadhi wa chuo cha mtaani kwetu, hapa Tanga, anashikilia kwamba aibu za viongozi zisitajwe mbele ya watoto. Hoja yake ni sitara: Muislamu humsitiri mwenziwe. Namheshimu, ila hapa simfuati. Sitara ni ya mtu aliyeteleza chumbani mwake. Mali ya umma ni amana, na wenyewe, wakiwemo hao watoto, wana haki ya kuuliza iko wapi. Tena ni yeye huyo anayewasimulia kisa cha mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyeiba: jamaa zake wakamtuma Usama akamwombee, Mtume akakasirika, akasema hata binti yake Fatima asingesalimika. Mtoto aliyekisikia kisa hicho Jumamosi, Jumatatu yuko darasani kwangu.

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha Uraia darasa la tano. Februari 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu bungeni Dodoma, baada ya Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake juu ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa kufua umeme wa dharura, megawati 100, ilhali haikuwa na uwezo huo. Lowassa alilalamika kwamba hakusikilizwa. Mtoto mmoja alinyoosha mkono: “Mwalimu, aliiba au hakuiba?” Nikamjibu kuwa kamati imesema yake, naye amesema yake, na pa kulimalizia jambo hilo ni mahakamani. Akakaa, akaingoja mahakama.

Wakati wa kashfa ya Watergate, mtafiti Christopher Arterton aliwauliza watoto wa Marekani kuhusu rais wao, Nixon, akakuta sura ya baba mwema waliyokuwa nayo watoto wa miaka ya nyuma imegeuka kuwa ya mtu mbaya. Inasikitisha, lakini wale walau waliona mwisho: Nixon akaondoka 1974, wasaidizi wake wakaenda jela.

Wangu hawakuona mwisho wowote. Lowassa hakushtakiwa, hivyo hakuhukumiwa wala hakusafishwa. Mwaka 2015 wale wa miaka 11 walikuwa wametimiza 18, na yeye, akiwa amehama CCM, ndiye mgombea urais wa Chadema na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kumtetea. Waliokuwa wakimtetea wakayafukua ya Richmond. (Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa Chadema, yeye walau alijiondoa.) Kura milioni 6 hivi zikamwendea. Mwaka 2019 akarudi CCM, na ndimi zikageuka tena.

Mmoja wa wale wanafunzi sasa anaendesha bodaboda. Nilipomuuliza kuhusu kura alicheka: “Mwalimu, si ni walewale?” Haichukii serikali. Ameacha tu kuamini kwamba lile swali lina jibu, na hilo naliona baya kuliko chuki, maana anayechukia bado anajua wizi ni wizi. Kisa cha Fatima kinataka hukumu isiyotazama uso wa mtu. Yeye amekua akiona wizi unaitwa wizi kulingana na chama alichomo mtuhumiwa wiki hiyo.

Somo baadaye liliitwa Uraia na Maadili. Darasa la mwaka huu wameniuliza kuhusu ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Tumechagua hoja moja tu ya ukaguzi, ya halmashauri yetu, na tutaifuata mpaka ijibiwe, hata kama watakuwa wamefika darasa la mwisho.