Mchezo Wazua Uadui

Watu wawili wakigombania kiwanja au mirathi, ugomvi wao huwa na mpaka. Wataenda kwa kadhi, kadhi atahukumu, na hata asiyeridhika atarudi kwake akijua ya kuwa shauri limekwisha. Lakini watu wawili wakibishana katika kundi la mtandaoni juu ya njiwa, au mpira, au namna ya kupiga picha, ugomvi wao waweza kukaa miaka, ukavunja usuhuba, ukawafuata hadi arusini na matangani. Mali hapana, haki iliyodhulumiwa hapana, na uadui upo. Yawaje kitu kidogo kikazaa chuki kubwa kuliko kile kikubwa?

Wako watakaojibu upesi: ni hizi simu. Lakini babu zetu hawakuwa na simu za mkononi, na mji wa Mombasa uligawanyika kwa ngoma za beni, Kingi huku na Skochi kule, watu wakashindana kwa mavazi na karamu mpaka wengine wakatumia wasichokuwa nacho. Ugonjwa, basi, ni wa zamani. Linalofaa kuulizwa ni nini mitambo hii imeuongezea.

Makundi haya hayakuanza na WhatsApp, iliyotoka mwaka 2009. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao wa kupelekeana maandishi baina ya kompyuta za vyuo. Mnamo 1987 mtandao ule ukapangwa upya, na mambo ya burudani yakapewa mlango wao peke yake: muziki, mapishi, sataranji, hata ufugaji wa paka. Wengi wa walioandika humo zama zile walikuwa watu wa vyuoni na wataalamu, wala si wahuni wa mitaani. Na bado walitukanana mpaka matusi yao yakapewa jina, wakayaita moto. Mwaka 1990 mwanasheria Mike Godwin alisema, nusu kwa mzaha, ya kuwa majadiliano yakizidi kurefuka, yakaribia kuwa yakini kwamba mtu atamfananisha mtu na Hitler. Mzaha huo wajulikana hata leo kama kanuni, kwa sababu watu waliuona ni kweli.

Lipo na jambo la Pittsburgh, la mwaka 1982. Watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wakifanyiana mzaha kwenye ubao wao wa kompyuta juu ya lifti inayoanguka na tone la zebaki lililomo ndani yake. Mmoja akaandika kwa utani ya kuwa lifti ya chuoni imechafuliwa kwa zebaki, na wako waliosoma wakadhani ni onyo la kweli. Ndipo Scott Fahlman, tarehe 19 Septemba, akapendekeza mzaha utiwe alama: nukta mbili, kistari na mabano, ndio uso unaocheka ukiutazama kwa ubavu. Hebu fikiri, ewe msomaji. Watu wale walikuwa wa chuo kimoja, na maandishi matupu yaliwapoteza. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walieleza majaribio waliyoyafanya juu ya jambo hili. Walioandika kwa kejeli walidhani wasomaji watawafahamu karibu mara 8 katika kila 10. Kumbe waliofahamu hawakuwazidi sana wale ambao wangebahatisha kwa kurusha sarafu. Na wasomaji nao walikuwa na yakini ya kuwa wamefahamu sawasawa! Sauti ya mtu, jicho lake, tabasamu lake, ndivyo vinavyotuambia kama asema kwa wema au kwa ubaya. Kalamu haina hivyo.

Hata hivyo kutofahamiana si sababu yote. Wako wanaofahamiana vizuri sana, na ndio wanaochukiana zaidi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliyataja maafa ya ulimi katika Ihya yake, na humo aliupambanua mzozo wa kudai haki na ubishi wa kuyatia ila maneno ya mtu kwa kutaka kumdunisha. Huu wa pili Waarabu huuita mirai. (Msomaji asilichanganye neno hili na miraa itafunwayo, ingawa zote mbili humkosesha mtu usingizi.) Anayedai haki akilipwa hunyamaza. Mwenye mirai atalipwa nini ili anyamaze? Hakuibiwa kitu.

Tuchukue mfano wa kundi la wafugaji njiwa. Bwana mmoja aandika ya kuwa njiwa wa kurushwa mbali apewe mtama, si mahindi. Wa pili ajibu: "Mimi nawapa mahindi na wanarudi." Mpaka hapa wazungumza juu ya njiwa. Wa kwanza asema: "Labda hujawahi kuwarusha mbali." Hapo njiwa amekwisha ruka, amebaki mtu. Wa pili auliza: "Na wewe umeanza kufuga lini?" Baada ya hapo hakuna atakayetaja mtama tena. Litatajwa deni la zamani, na njiwa aliyepotea mwaka juzi, na ukoo wa mtu. Kundi zima limekosa kujua ni chakula gani kifaacho, na hilo ndilo lililowaleta.

Sasa mtazame yule bwana kwa jicho la huruma. Mchana yeye ni fundi au karani. Aamrishwa na wala haulizwi rai yake. Usiku akifungua simu, ndiye mjuzi wa njiwa, na watu wanampigia shauku. Cheo hicho hakukipewa na serikali wala hakukirithi. Amekipata kwa miaka ya kuamka alfajiri na kupanda darini. Anapokosolewa mbele ya watu mia mbili, hahisi kuwa amesahihishwa neno juu ya mtama. Ahisi kuwa amevuliwa nguo. Kwa hivyo twasema ya kuwa kitu chenyewe ni kidogo, lakini kilichowekwa rehani juu yake si kidogo. Mwenye kiwanja aweza kukipoteza na nafsi yake ikabaki. Huyu ameiweka nafsi yenyewe.

Washairi wetu wamejibizana tangu zama za Muyaka bin Haji na kabla yake, na maneno makali yalikuwamo. Lakini ada ilimtaka mwenye kujibu afuate bahari na vina vya aliyemwanza. Basi hata mwenye hasira alilazimika kukaa, kuhesabu mizani, kutafuta neno, na pengine alfajiri ikamkuta hajamaliza na ghadhabu imepoa. Leo jawabu lapelekwa kabla mtu hajameza mate. Na tena maneno ya barazani yalikuwa yakiondoka na wenyewe wakitawanyika baada ya Isha. Haya yanakaa, mtu akayasoma mara kumi kitandani, na kila mara yakamchoma upya.

Huenda mtu akatupinga akasema: "Je, tunyamaze batili ikienea?" Swali hili ni zito, wala hatuwezi kulikwepa. Ikiwa mtu akosea katika jambo lisilodhuru, mwambie mara moja kwa hoja yako, kisha uache. Ukirudia mara ya tatu, jiulize ni nani unayemtetea: mtama, au wewe? Lakini ikiwa kosa lake ladhuru, kama kutaja kipimo cha dawa kitakachowaua ndege wa watu, au namna ya kuunga waya itakayomuua mtu, basi kunyamaza ni khiyana, na yapasa kusema hata kama atakasirika. Walakini hata hapo, kusema ili watu waokoke na kusema ili yeye aaibike ni mambo mawili, na msemaji mwenyewe ajua lipi alitakalo.

Twawalaumu wenye kubishana, na twawasahau wanaotazama. Katika watu mia mbili, wagomvi huwa wawili, wengine ndio wanaotia alama za kucheka, wanaopeleka maneno kundi jingine, wanaomwandikia kila mmoja kwa siri: "Mjibu, usimwache." Hawa hawatukani mtu, na kesho watawasalimu wote wawili msikitini. Kama wangetaka kusaidia, njia haikuwa mbali. Huyo aliyekosea juu ya dawa ya njiwa, nambari yake ya simu imo mumo humo kundini.