Bendera ni ya Nani?

Sisi tuliofundisha watoto kusimama wima bendera inapopandishwa, hatukuwauliza: bendera hiyo ni ya nani?

Mwaka 1854, huko Ballarat, Australia, wachimba dhahabu waliotozwa ada ya leseni na kunyimwa kura walikula kiapo chini ya bendera ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota. Tarehe 3 Desemba askari waliwashinda. Hata hivyo, mwaka 1855 leseni ile ilifutwa, na bendera yao yatunzwa hadi leo.

Kwetu nako, mwaka 1958, watu wa Geita, wilaya yetu ya wakati ule, waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi lililowekwa pasipo ridhaa yao. Polisi waliwatawanya, lakini hatimaye serikali ya kikoloni iliacha mpango huo. Bendera ya taifa ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Watu wale walikwisha kuilipia.

Basi, tukiisimamia bendera huku tukimnyamazisha mnyonge katika mkutano wa kijiji au wa kanisa, tunaheshimu kitambaa tu. Tumwache aseme, hata akitupinga sisi wazee.