Haki ya Njia

Miongoni mwa raha zisizonunuliwa kwa fedha ni raha ya kutazama watu wakati wa kungoja. Mwenye kungoja ndege huionja uwanjani. Sisi wa Unyamwezi huionja katika stesheni ya Kaliua. Hapo reli hugawanyika: moja huendelea mpaka Kigoma, ilikofika mwaka 1914, na nyingine huelekea Mpanda. Treni ikichelewa, abiria huketi juu ya mzigo wake, na walimwengu humpitia mbele ya macho: mkulima wa tumbaku, mama mwenye madumu ya asali, mwanafunzi na sanduku lake la bati, mchuuzi wa dagaa wa Kigoma. Hata kabla ya reli, misafara ya wapagazi ilipita nchi hii baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Basi kuonana na wageni si jambo jipya kwetu.

Huenda mtu akauliza: Je, raha hii yafaa kwa mcha Mungu, au ni upuuzi tu? Jibu limo katika Kurani Tukufu. Katika Sura Ar-Rum tumefundishwa kwamba kuhitilafiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni ishara ya Mwenyezi Mungu. Basi anayeketi stesheni akasikia Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha na Kirundi, naye akamkumbuka Muumba, huyo anaisoma ishara hiyo.

Lakini kila raha ina mpaka. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaonya masahaba wasikae njiani. Walipoeleza kuwa hawana budi, kwani ndipo wanapozungumza, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tazameni hekima yake! Hakukivunja kikao chao, bali alikitia adabu.

Na udhia si wa mkono tu. Katika Sura Al-Hujurat tumekatazwa kudharauliana, kudhaniana vibaya na kupelelezana. Hapa ndipo ulipo mtihani wetu. Tangu miaka ya 1970 ndugu wengi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wamekaa Ulyankulu, na Katumba karibu na Mpanda. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Hata hivyo, mmoja wao akifungua kinywa stesheni, mtu humnong'oneza jirani yake: "Huyu si wa hapa." Neno hili ni dogo katika ulimi, lakini ni zito katika moyo wa mtu aliyezaliwa hapa na kuwazika wazazi wake hapa. Je, tumesahau kwamba Mtume wetu s.a.w. naye alihama mji wake, na watu wa Madina wakampokea?

Sura hiyo hiyo yafundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele ya Mungu ni mcha Mungu zaidi. Na ucha Mungu hauonekani katika nguo wala hausikiki katika matamshi. Kwa hiyo macho yetu yaweza kutuonyesha uzuri wa viumbe, lakini hayawezi kutuonyesha cheo cha mtu mbele ya Mola wake.

Basi, ndugu, ukingoja treni, tazama kwa furaha, kisha ilipe njia haki yake. Anza salamu. Sogeza mzigo wako mwingine apate pa kukaa. Msaidie mama kupandisha kapu lake. Mwombee heri apitaye ambaye pengine hutamwona tena. Nawe uliyeingia karibuni katika dini, jua kwamba wakati unapowatazama, nao wanakutazama. Wengi wataujua Uislamu kwa kukuona wewe kabla hawajafungua kitabu.

Mwenyezi Mungu atujalie macho yenye adabu na nyoyo zenye huruma, kwani sote tu wasafiri. Amina.