Mazida ya Mchoraji

Mshairi akilirefusha neno ili mizani itimie, twamwachia. Twaiita mazida, wala hakuna amshitakiye kwa uongo. Je, mchoraji naye akiurefusha mlima?

Jacob van Ruisdael alizaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1628 au 1629, akafariki mwaka 1682. Nchi yake ni tambarare. Milima yake ni mawingu. Yapata mwaka 1650 alifika Bentheim, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, akaiona ngome juu ya kilima kisicho kirefu. Aliichora zaidi ya mara kumi, na kilima kikapanda naye: katika picha ya mwaka 1653, iliyopo Dublin, kimekuwa mlima wa kutisha. Simwoni aliyedhulumiwa hapo.

Kaburi, hata hivyo, lina wenyewe. Huko Ouderkerk, kando ya mto Amstel, Wayahudi wa asili ya Ureno, ambao jamaa zao waliukimbia udhalimu wa mahakama za kidini, walinunua ardhi ya kuzikia mwaka 1614. Ruisdael alikwenda kuyachora mawe yao. Michoro hiyo miwili imehifadhiwa katika jumba la Teylers, Haarlem. Kisha, katika miaka ya 1650, akayatia katika picha mbili za rangi. Moja iko Dresden, nyingine Detroit. Maumbo ya mawe yanatambulika hata leo, likiwamo kaburi la Eliahu Montalto, tabibu wa Malkia Marie de' Medici wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1616. Lakini magofu yaliyo nyuma yake hayakuwapo pale. Kijito kinachopenya baina ya makaburi, mti mkavu, vilima: vyote ni mazida.

Goethe, katika makala ya mwaka 1816, alimwita Ruisdael mshairi kwa ajili ya picha kama hizi. Katika ile ya Dresden aliona kwamba hata makaburi yamekuwa makaburi ya nafsi zao. Ni wazo zuri (nami nakiri kwamba lilinivuta kabla sijaijua tarehe ya ardhi ile). Hapo ndipo ninaposita. Makaburi yenyewe hayakuwa yametimiza hata miaka hamsini. Waliozika pale walikuwa hai, wakifanya biashara na kusali Amsterdam. Mwaka 1675 wakafungua sinagogi kubwa ambalo bado limesimama. Wao hawakuwa magofu ya mtu yeyote. Kilima cha Bentheim hakikuuliza kwa nini kimerefushwa, lakini mjane aliyezika jana angeuliza kwa nini msiba wake umezeeshwa miaka mia tano.

Nisimwonee mchoraji. Mawe yenyewe aliyachunga: aliyazungushia dhoruba, hakuyageuza kuwa mawe ya watu wasiokuwapo. Mshairi mwema naye hurefusha silabi bila kuigusa maana. Ila picha yasimulia juu ya kwisha, na watu wa Ouderkerk waliliita eneo lao, kwa Kiebrania, Beth Haim: Nyumba ya Uhai. Wanazika pale hadi leo.